Programu ya Mafunzo Kazini ya Sekondari: Kabla ya Kusaini, Uliza Nani Atamfundisha Mtoto

Huduma ninayoitathmini hapa ni programu ya mafunzo kazini inayotolewa na shule ya sekondari anayosoma binti yangu, ambamo wanafunzi wa miaka ya mwisho hugawa wiki yao kati ya darasa na mahali pa kazi, wakiendelea na hisabati, sayansi na lugha huku wakijifunza fani moja chini ya usimamizi wa mwajiri. Siitaji shule wala kampuni zinazoshirikiana nayo, kwa kuwa nia yangu si kumchagulia mzazi mwenzangu shule, bali kumwonyesha mambo ya kuangalia popote atakapoletewa fomu ya aina hii. Rai yangu naitanguliza: programu inafaa, na kama ningerudishwa mwanzo ningemsajili tena. Hata hivyo, ubora wake wote unategemea jambo moja ambalo kipeperushi cha shule hakikuligusa hata kwa mstari mmoja, nalo ni kama kule kazini yupo mtu ambaye kufundisha ni sehemu ya kazi yake.

Utaratibu wenyewe ni huu. Katika mwaka wa kwanza mwanafunzi hapelekwi kwa mwajiri, bali huzungushwa katika fani kadhaa ndani ya karakana na maabara za shule, zikiwemo umeme wa majengo, useremala, uchomeleaji, huduma za afya, uhasibu na kompyuta, ili anapochagua awe ameshika vifaa vya kila fani na si kusikia habari zake tu. Baada ya hapo husainiwa mkataba wa pande tatu, yaani shule, mwajiri, na mwanafunzi pamoja na mzazi wake, kisha wiki hugawanywa kuwa siku tatu za darasani na siku mbili za kazini. Mwanafunzi hupewa daftari la kumbukumbu ambamo huandika kila siku alichofanya, msimamizi wake hutia saini, na mratibu wa shule hulipitia na kulipiga muhuri. Anayehitimu hupata cheti cha kawaida cha sekondari pamoja na hati ya umahiri wa fani yake. Mpangilio huu, ukiusoma kwenye karatasi, hauna dosari kubwa, na mwaka wa mzunguko ndio ulionifanya nikubali kusaini, kwa sababu kumtaka kijana wa miaka kumi na mitano achague kazi asiyopata kuiona ni kumtaka abahatishe maisha yake.

Binti yangu alichagua umeme wa majengo. Kituo cha kwanza alichopangiwa kilikuwa kampuni yenye ofisi nzuri na sifa nzuri, na kwa muda wote aliokaa pale hakugusa waya. Alipanga mafaili, alipokea wageni, alihesabu vifaa vya stoo, na siku ambazo mafundi walitoka kwenda kwenye majengo aliachwa ofisini kwa maelezo kwamba gari limejaa. Daftari lake la kipindi hicho bado ninalo. Ukurasa baada ya ukurasa umeandikwa “kusaidia stoo”, na kando ya kila mstari kuna saini safi ya msimamizi, na chini ya kila ukurasa muhuri wa shule. Kwa hesabu ya programu, mwanafunzi huyo alikuwa ametimiza saa zake zote. Kwa hesabu ya fani, alikuwa hajaanza. Siamini kwamba kampuni ile ilikuwa na nia mbaya. Nilipozungumza na msimamizi aliyekuwa akisaini, niligundua kwamba hakuna aliyemweleza kuwa amepewa mwanafunzi wa kumfundisha; aliambiwa tu kwamba kuna kijana wa shule atakuwa anafika siku mbili kwa wiki, naye akamtafutia cha kufanya.

Mratibu alipomhamishia kwenye kampuni ndogo ya ufungaji umeme, mambo yalibadilika tangu siku ya kwanza, na sababu haikuwa ukubwa wa kampuni wala ubora wa vifaa vyake. Mwenye kampuni alikuwa amemkabidhi binti yangu kwa fundi mmoja mzoefu, akampunguzia fundi huyo kazi nyingine, na akamwambia waziwazi kwamba atahojiwa kuhusu maendeleo ya mwanafunzi. Jambo la kwanza fundi huyo alilofundisha lilikuwa namna ya kuhakikisha kwamba saketi haina umeme kabla ya kuigusa. Unazima kwenye swichi yake, unaifunga kwa kufuli ili mtu mwingine asiiwashe bila kujua, kisha unapima. Lakini kipimo chenyewe kinaweza kuwa kimeharibika, na kipimo kibovu hukuambia “hakuna umeme” sawasawa na kipimo kizima. Kwa hiyo unaanza kwa kukijaribu kwenye chanzo unachojua kina umeme, ndipo unapima saketi uliyoizima, halafu unarudi kwenye chanzo kile cha kwanza kuhakikisha kwamba kipimo hakikufa katikati ya kazi. Alimrudisha kwenye hatua hizo kila walipofungua ubao wa umeme, na kila mara alimtaka aeleze kwa maneno yake kwa nini hatua ya tatu haiwezi kuachwa.

Nimelieleza jambo hili kwa kirefu kwa sababu ndani yake mna karibu kila kitu ambacho waajiri husema wanakikosa kwa wahitimu wa sekondari: nidhamu ya utaratibu, kutoamini jibu kabla ya kukihakiki chombo kilicholitoa, na uwezo wa kueleza sababu ya unachofanya. Shule zimejaribu kufundisha tabia hizi kwa mihadhara na vipeperushi vinavyozungumzia stadi za kazi, lakini tabia ya kuhakiki haiingii kwa mhadhara. Inaingia mtu anaposimama mbele ya ubao wa umeme akijua kwamba kukosea kunaumiza, na pembeni yake yupo mkubwa anayemzuia asikosee.

Tukio lililonithibitishia thamani ya programu lilihusu pampu ya maji iliyokuwa ikinguruma bila kuzunguka. Mota ilikuwa nzima. Fundi alipima volti kwenye ubao, kisha akapima kwenye pampu wakati inajaribu kuanza, na tofauti ilikuwa kubwa mno. Waya uliokwenda kwenye pampu ulikuwa mrefu na mwembamba kupita kiasi. Angeweza kubadilisha waya na kuondoka, lakini alimwachia binti yangu swali aende nalo shuleni: waya wa aina gani ungetosha? Mwalimu wa fizikia, kwa sifa yake, aliweka kando somo la siku hiyo na kuliandika swali hilo ubaoni kwa darasa zima. Waya wa shaba wenye eneo la mkato la milimita mraba 1.5, ukienda mita 80 na kurudi mita 80, una ukinzani, yaani nguvu ya waya kuuzuia mkondo, wa takriban omu 1.8. Mkondo wa ampea 10 ukipita humo, volti 18 hivi hupotea njiani, ambazo ni karibu asilimia 8 ya volti 230, na mota inapoanza huvuta mkondo mara kadhaa ya ule wa kawaida, kwa hiyo pale inapohitaji nguvu zaidi ndipo inapopungukiwa zaidi. Waya wa milimita mraba 4 kwa umbali uleule hupunguza upotevu huo hadi volti 7 hivi. Wanafunzi waliokuwa wakiikariri kanuni ya ukinzani ili waijibu kwenye mtihani waliiona ikiamua kama maji yatapanda au hayatapanda, na binti yangu alirudi kwa fundi wake akiwa na jibu lenye hesabu.

Hapa ndipo programu hii inapotofautiana na masomo ya ufundi ya zamani, na ndipo mzazi mwenye wasiwasi anapopaswa kuangalia kwa makini. Nchini Marekani, sheria ya Smith-Hughes ya mwaka 1917 ilitoa fedha za serikali kuu kwa mafunzo ya kilimo, ufundi wa viwandani na maarifa ya nyumbani katika shule za sekondari. Fedha zilifika na karakana zilijengwa, lakini ufundi ukatengwa na masomo mengine, ukawa na usimamizi wake, walimu wake na wanafunzi wake, na mara nyingi walioelekezwa huko walikuwa watoto wa wasio na uwezo. Mwanafalsafa John Dewey alipinga utengano wa namna hiyo, akitaka kazi za mikono zitumike kumfungulia kijana sayansi na maisha ya jamii, badala ya kumzoeza mapema nafasi aliyopangiwa na wengine. Hofu ya wazazi wengi ina mizizi katika historia hiyo: mtoto akielekezwa kwenye fani, tunadhani ameshahesabiwa miongoni mwa walioshindwa. Shule inayochukua swali la pampu na kulifanya somo la fizikia la darasa zima, wakiwemo wanaolenga chuo kikuu, inaijibu hofu hiyo kwa vitendo. Shule inayowapeleka watoto wa fani kwenye hesabu nyepesi huku wenzao wakifundishwa hesabu kamili inaithibitisha. Kwa upande huu shule yetu inastahili sifa, kwani mtihani wa hisabati ni mmoja kwa wote.

Ninalolilaumu ni kwamba ubora niliouona katika kituo cha pili ulikuja kwa bahati. Hakuna kifungu cha mkataba kinachomlazimu mwajiri kumteua mkufunzi, wala hakuna mafunzo yoyote anayopewa msimamizi kabla ya kukabidhiwa kijana wa watu. Nchi zilizoishi na mfumo huu kwa muda mrefu haziachi jambo hili kwa bahati. Ujerumani, yenye sheria ya mafunzo ya ufundi tangu mwaka 1969, humtaka anayewafundisha wanagenzi, yaani vijana wanaojifunza fani wakiwa kazini, ndani ya kampuni aonyeshe kwamba mbali na kuijua kazi yake anajua pia kuipanga na kuifundisha, na kwa kawaida hufanya hivyo kwa mtihani maalumu. Uswisi, ambako takriban theluthi mbili ya vijana hupitia mafunzo ya ufundi baada ya elimu ya lazima, humtaka mkufunzi wa kazini apitie kozi yenye urefu wa saa 40 hivi, ambamo hujifunza namna ya kugawa kazi kubwa katika hatua, namna ya kumkosoa kijana bila kumvunja moyo, na sheria zinazomlinda. Saa 40 ni wiki moja tu ya kazi. Fundi anaweza kuwa gwiji wa fani yake na bado asijue kuieleza, kwa sababu mikono yake imeshasahau hatua ambazo mwanafunzi hazijui, na wiki hiyo moja humkumbusha. Sioni sababu ya shule yenye walimu waliosomea ualimu kushindwa kuandaa kozi fupi ya aina hiyo wakati wa likizo na kuifanya sharti la kupokea wanafunzi.

Tatizo la pili, ambalo ni ndugu wa hilo la kwanza, ni kuhesabu saa. Elimu ya sekondari ina mazoea ya zamani ya kupima kujifunza kwa muda ambao mwanafunzi amekaa kitini. Kipimo maarufu kuliko vyote, kile kinachoitwa kipimo cha Carnegie, kilianza kutumika Marekani mwaka 1906: saa 120 za darasani kwa somo moja katika mwaka zilihesabiwa kuwa kipimo kimoja, na kilienea haraka kwa kuwa kilifungamanishwa na mpango wa pensheni za maprofesa uliotolewa na wakfu wa Carnegie, ambao vyuo vilivyotaka kunufaika nao vilitakiwa kukitumia kipimo hicho katika kupokea wanafunzi. Kilileta utaratibu mahali palipokuwa na vurugu, na hilo halikuwa jambo dogo. Kasoro yake ni kwamba kilisema mwanafunzi alikuwepo kwa muda gani, bila kusema anaweza kufanya nini. Programu za mafunzo kazini ziliundwa ili ziondokane na mazoea hayo, lakini mara nyingi huyahamisha tu kutoka darasani hadi karakanani. Uingereza ilipoanzisha cheti kipya cha ufundi kiitwacho T Level mwezi Septemba mwaka 2020, iliweka sharti la angalau saa 315 za kuwa mahali pa kazi. Sharti la namna hiyo ni kinga nzuri dhidi ya shule zinazowapeleka wanafunzi kutembelea kiwanda kwa siku moja na kuliita tembezi hilo mafunzo, lakini peke yake halimlindi mwanafunzi anayepanga mafaili. Saa za binti yangu katika kituo cha kwanza zingehesabiwa bila tatizo lolote.

Kinachohitajika ndani ya daftari ni orodha ya umahiri. Kwa fani ya umeme wa majengo orodha hiyo si ngumu kuandikwa: kuzima na kuhakiki saketi, kuchagua waya kwa hesabu ya mkondo na umbali, kufunga soketi na taa kwa kufuata mchoro, kupima ukinzani wa kihami (ganda la waya linalozuia umeme usivuje), kutafuta hitilafu kwa kufuata mantiki na si kwa kubadilisha kila kitu, kumweleza mteja kwa lugha anayoielewa. Kando ya kila kipengele kuwe na nafasi tatu: ameonyeshwa, amefanya akiwa anasimamiwa, amefanya peke yake. Msimamizi anayekuta safu nzima iko wazi baada ya mwezi mmoja hawezi kusema gari lilijaa. Ningependa pia mtihani wa mwisho wa fani usitungwe na kusahihishwa na shule peke yake. Ujerumani kazi hiyo hufanywa na chemba za biashara na viwanda au za mafundi, yaani jumuiya za wenye biashara na fani, ambamo waajiri, wafanyakazi na walimu huketi pamoja kama watahini, na ndiyo maana cheti kilichotolewa na mji mmoja huaminika katika mji mwingine. Hati ya umahiri ya shule yetu ina nembo nzuri, lakini nilipomwonyesha mwajiri ambaye hayumo katika programu, aliniuliza imetolewa na nani.

Je, faida yake hudumu? Swali hili lina ushahidi mzuri kuliko maswali mengi ya elimu. Marekani kuna mpango wa shule ndogo za fani zilizo ndani ya shule kubwa za sekondari, ulioanzia Philadelphia mwaka 1969 kwa fani hiyohiyo ya umeme, na ambao huunganisha masomo ya kawaida, masomo ya fani na ushirikiano na waajiri. Taasisi ya utafiti ya MDRC iliwafuatilia vijana waliopata nafasi katika shule hizo na wale walioomba wakakosa, na kwa kuwa nafasi ziligawiwa kwa bahati nasibu, makundi hayo mawili yaliweza kulinganishwa kwa haki. Ripoti yake ya mwaka 2008 ilionyesha kwamba miaka minane baada ya muda wa kuhitimu, waliopata nafasi walikuwa wakipata kipato cha wastani wa asilimia 11 zaidi kwa mwaka, na nafuu hiyo ilikuwa kubwa zaidi kwa wavulana. Lililonifurahisha mimi ni kwamba kupita huko hakukuwapunguzia nafasi ya kuendelea na masomo ya juu. Mzazi anayeambiwa kwamba ni lazima achague kati ya kazi na chuo anaweza kuutumia ushahidi huo kama jibu.

Lakini uko ushahidi mwingine ambao mratibu wetu hakuupenda nilipoutaja kwenye kikao cha wazazi. Mwanauchumi Eric Hanushek na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017 uliolinganisha nchi kadhaa, walionyesha kwamba waliosomea ufundi huingia kazini kwa urahisi zaidi wakiwa vijana, ila nafuu hiyo hupungua na hata kugeuka wanapokuwa watu wazima, hasa katika nchi zenye uanagenzi mpana. Maelezo yao ni kwamba ujuzi mahususi huzeeka teknolojia inapobadilika, na aliye na msingi mpana wa elimu hujifunza upya kwa haraka zaidi. Nauchukulia utafiti huu kwa uzito mkubwa, na kwangu mimi hauipingi programu. Unaeleza kinachopaswa kulindwa ndani yake. Fundi anayejua tu kwamba waya fulani hutumika kwa pampu fulani atakwama siku pampu itakapobadilika. Anayejua kwa nini, na anayeweza kuifanya hesabu, atahamia kwenye paneli za sola na betri bila kuanza upya. Siku tatu za darasani zisiguswe, hata waajiri wakiomba siku ya tatu kwa hoja kwamba kijana ameshazoea kazi. Na mlango wa mbele usifungwe: Uswisi huwapa wanagenzi fursa ya kufanya mtihani wa ziada unaowafungulia vyuo vikuu vya sayansi tumizi, kwa hiyo kijana anayeanza na koleo mkononi anaweza kuishia kuwa mhandisi kwa njia iliyonyooka na inayotambulika. Programu yetu huahidi jambo kama hilo kwa mdomo. Ningependa kuliona limeandikwa, pamoja na majina ya vyuo vinavyoipokea hati yetu.

Kuhusu upangaji wa fani, lipo jambo ambalo lilinikera. Binti yangu alipoandika umeme kuwa chaguo lake la kwanza, aliulizwa zaidi ya mara moja kama ana hakika, na akashauriwa afikirie uhasibu au mapokezi kwa kuwa “zina mazingira mazuri kwa msichana”. Mvulana aliyekaa naye dawati moja, mwenye alama za chini yake katika fizikia, hakuulizwa lolote. Aliyemshauri alidhani anamtendea wema, na hapo ndipo ubaya wa jambo hili ulipo, kwa sababu katika programu inayomwelekeza mtoto kwenye kazi, ushauri wa mara moja wa mtu mzima unaweza kuamua kipato cha miaka mingi. Mwaka wa mzunguko ulimwokoa: alikuwa na alama za karakana alizoweza kuzionyesha, na mwalimu wa karakana alisimama upande wake. Shule ambayo haina mzunguko huo huwaachia wasichana mzigo wa kujitetea bila ushahidi.

Usalama unastahili neno zito zaidi kuliko lile lililomo kwenye fomu. Mkataba namba 138 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1973, unaweka umri wa miaka 18 kuwa wa chini kabisa kwa kazi za hatari, na unaruhusu miaka 16 kwa masharti kwamba afya, usalama na maadili ya vijana hao yamelindwa kikamilifu na kwamba wamepata mafunzo mahususi ya kutosha katika kazi hiyo. Umeme, uchomeleaji na kazi za juu ya paa mara nyingi huhesabiwa miongoni mwa kazi hizo. Kwa hiyo mzazi ana haki ya kuonyeshwa bima inayomhusu mtoto wake akiwa kazini, kuelezwa ni kazi zipi haruhusiwi kufanya hata akiwa na msimamizi, na kujua nani atampigia simu kukitokea ajali. Shule yetu ilikuwa na bima, na orodha ya kazi zilizokatazwa nilipewa baada ya kuiomba. Ingepaswa kuambatanishwa na mkataba tangu mwanzo.

Mengine nayapitia kwa haraka kwa kuwa hayana utata. Mavazi ya kinga hutolewa na shule na ni mazuri. Nauli ya kwenda kazini ni juu ya mzazi, jambo ambalo linawaumiza wanaoishi mbali na ambalo shule ingeweza kulishughulikia kwa kuwapanga wanafunzi karibu na nyumbani. Mawasiliano ya mratibu ni mepesi na ya heshima, ingawa ana wanafunzi wengi kuliko anaoweza kuwatembelea, na ziara zake kazini hutangazwa mapema mno, hivi kwamba hata kituo kibaya hupata muda wa kumvika mwanafunzi kofia ngumu na kumkabidhi bisibisi.

Naipendekeza programu hii kwa mwanafunzi anayependa kujua mambo yanavyofanya kazi, awe hodari wa mitihani au asiwe, na zaidi kwa yule ambaye darasa limeanza kumchosha kwa sababu haoni linakompeleka. Siipendekezi kwa mzazi anayetafuta mahali pa kumweka mtoto aliyekata tamaa ya shule, kwa kuwa mzigo wake ni mzito kuliko wa masomo ya kawaida. Kabla ya kusaini, omba jina la mtu atakayemfundisha mtoto wako kazini, uzungumze naye mwenyewe, na umuulize mwanafunzi atafanya nini katika wiki ya kwanza na atakuwa anaweza nini baada ya miezi mitatu. Aliyejiandaa atakujibu bila kutafuta maneno. Omba pia uone daftari la mwanafunzi aliyemaliza mwaka uliotangulia, kwa ruhusa yake, na usome kilichoandikwa katikati ya kipindi, wakati shamrashamra za mwanzo zimekwisha.

Maoni haya nimeyapeleka shuleni kwa maandishi. Hadi ninapoandika, uongozi umekubali ziara za mratibu zifanyike bila kutangazwa, na orodha ya umahiri imeanza kujaribiwa katika fani ya umeme. Fani nyingine zote bado zinatumia daftari la saini, na kifungu cha kumlazimu mwajiri kuteua mkufunzi kinasubiri kikao kijacho cha bodi, ambacho wazazi tumeruhusiwa kuhudhuria.